KUIGEUZA NYUMBA YA KALE KUWA SKULI YA WATOTO WENYE MAHITAJI MAALUMU

Katika Mji Mkongwe wa Unguja zimo nyumba nyingi za mawe zilizojengwa katika karne ya kumi na tisa. Baadhi yake zingali zikikaliwa na watu, nyingine zimekuwa hoteli na maduka, na nyingine zimefungwa na kuachiwa popo. Aghalabu mtu apitaye mbele ya nyumba iliyofungwa husema, "Nyumba kubwa namna hii, kwa nini isifanywe skuli?" Na kama mtu huyo ni mzazi wa mtoto asiyeona, asiyesikia, asiyeweza kutembea, au mwenye usonji, basi husema neno hilo kwa uchungu zaidi, kwani ajua jinsi nafasi za watoto hao zilivyo chache.

Swali hilo ni zuri, lakini haliwezi kujibiwa kwa kuitazama nyumba kwa nje tu. Nyumba ya kale ilijengwa kwa kazi moja, nayo sasa yatakiwa kufanya kazi nyingine. Kwa hiyo hapana budi kwanza ijulikane inaweza kubeba nini, ndipo iamuliwe nani akae wapi. Katika makala haya nitajaribu kueleza jinsi mhandisi wa majengo anavyoifikiri kazi hiyo. Nadhani jambo hili latuhusu sote: wazazi, walimu, na sisi wanafunzi tusomao Fizikia na kuulizana usiku dahaliani kwamba somo hilo litatufaa nini.

NYUMBA HIZO ZILIJENGWAJE?

Kuta za nyumba zetu za kale ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Unene wake hufika nusu mita, na mara nyingi huzidi. Ukuta kama huo una nyuso mbili, wa nje na wa ndani, na katikati hujazwa mawe madogo madogo na chokaa. Hauna nondo hata moja. Hushikamana kwa uzito wake wenyewe na kwa ule ugumu wa chokaa.

Chokaa yenyewe ni somo la Kemia. Mawe ya matumbawe huchomwa tanuuni kwa moto mkali, hewa ya kaboni ikatoka, yakabaki mawe mepesi meupe. Yakitiwa maji huchemka na kuwa laini. Fundi akishaijengea, chokaa hunywa tena ile hewa ya kaboni kutoka angani, ikarudi kidogo kidogo kuwa jiwe. Kazi hiyo huchukua miezi, na katika ukuta mnene huchukua miaka. Ndiyo maana nyumba ya chokaa haitaki haraka.

Dari hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyopangwa karibu karibu kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Juu yake hupangwa vipande vya mawe, kisha hushindiliwa chokaa na kokoto mpaka ikawa sakafu nene ya chumba cha juu. Boriti ya mkoko ni ngumu sana, lakini si ndefu. Haiwezi kuvuka nafasi ipitayo kiasi cha mita tatu. Hii ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale vyaweza kuwa virefu sana, lakini daima ni vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na mti.

Yafaa sasa msomaji aifikirie safari ya uzito. Mtoto aliyekaa kitini darini huikalia sakafu. Sakafu huzikalia boriti. Boriti hukalia kuta mbili. Kuta hukalia msingi. Na msingi hukalia ardhi. Kiungo kimoja tu katika safari hiyo kikidhoofika, vilivyobaki vikiwa imara havitasaidia kitu. Mhandisi aingiapo katika nyumba ya kale huifuata njia hiyo kutoka paa hadi ardhini kabla hajasema neno.

MARADHI YA NYUMBA

Maradhi makubwa ya nyumba hizi ni maji. Paa likivuja au bomba likipasuka ndani ya ukuta, maji hupenya na kuosha ile chokaa na udongo wa katikati. Kwa nje ukuta huonekana mzima, na ndani umekuwa mawe matupu yaliyolegea. Kisha nyuso zake mbili huanza kuachana, na ukuta hufanya tumbo. Boriti nazo huoza pale penye vichwa vyake vilivyozama ukutani, mahali ambapo jicho halifiki, na mchwa hupapenda papo hapo.

Ugonjwa wa pili waletwa na watu wenye nia njema. Fundi huona lipu ya chokaa inabanduka, akaibandua yote na kupiga lipu ya saruji. Lakini ukuta wa matumbawe hupumua. Unyevu upandao kutoka ardhini hutokea kwenye uso wake na kukauka. Saruji huuziba mlango huo. Unyevu ukikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, ukichukua chumvi, hata ukazifikia boriti. Baada ya miaka michache lipu mpya hubanduka pamoja na vipande vya ukuta wenyewe.

Mtu asidhani kwamba maneno haya ni ya vitabuni tu. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Seyyid Barghash, ni jengo lijulikanalo na kila mtoto wa Unguja. Mwaka 2012 sehemu ya varanda yake ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya kulitengeneza ikiendelea, sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulichukua na roho za watu. Basi mtu atakaye kuwaweka watoto mia katika nyumba ya kale, na baadhi yao hawawezi kukimbia wala kusikia kelele za hatari, hana ruhusa ya kubahatisha.

KUIPIMA NYUMBA

Kazi ya kwanza ni kupima. Nyumba yote huchorwa, chumba kwa chumba, pamoja na unene wa kila ukuta na upande ambao boriti zimelala. Hili la boriti ni muhimu kupita yote, kwa sababu ukuta ubebao vichwa vya boriti ndio ukuta wenye mzigo.

Kila ufa huandikwa. Ufa ulioacha kutembea miaka hamsini iliyopita si sawa na ufa unaotembea leo. Namna rahisi ya kuujua ni kubandika kipande chembamba cha kioo kuuvuka ufa, kikashikwa kwa saruji kila upande, na tarehe ikaandikwa kando. Kioo hakinyumbuki. Kikipasuka baada ya miezi, yajulikana kwamba ukuta ungali safarini, na ni lazima itafutwe sababu.

Boriti hugongwa kwa nyundo moja moja. Mjomba wangu, ambaye ni mwashi, aliwahi kunipa nyundo nijaribu. Boriti nzima hutoa mlio mkavu wa juu, na iliyoliwa ndani hutoa mlio mzito kama wa ngoma iliyoloa. Baada ya nyundo huja kekee nyembamba ya kutoboa karibu na ukuta, ili kutazama unga unaotoka: ukiwa mkavu na mgumu, vyema, ukiwa laini kama ugoro, hiyo ni boriti iliyokufa. Chini nako huchimbwa mashimo machache pembeni mwa ukuta, ili msingi uonekane kina chake na ardhi iliyoushika.

HESABU YA UZITO

Sasa natuchukue mfano. Tuseme kipo chumba darini chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, yaani mita za mraba 18. Wahandisi hukadiria kwamba chumba cha nyumba ya kukaa watu kibebe kiasi cha kilo 150 kwa kila mita ya mraba, na chumba cha darasa kiasi cha kilo 300. Kwa hiyo chumba hiki kikiwa cha kulala kilihesabiwa kilo 2,700. Kikifanywa darasa chahesabiwa kilo 5,400. Mzigo wa watu na vitu umekuwa mara mbili.

Mtu ataogopa. Lakini bado hatujaipima sakafu yenyewe. Tuseme ina unene wa sentimita 25, na kila mita ya ujazo ina uzito wa kilo 1,800. Basi kila mita ya mraba ina kilo 450, na chumba chote kilo 8,100. Hapo twaona kwamba boriti zilikuwa zikibeba kilo 10,800 tangu mwanzo, na sasa zatakiwa kubeba kilo 13,500. Nyongeza ni robo. Robo si kidogo, lakini si mara mbili.

Tena mara nyingi juu ya sakafu ya kale hukutwa sakafu nyingine ya saruji iliyoongezwa baadaye ili kusawazisha. Kama ina unene wa sentimita 5, na kila mita ya ujazo ya saruji hiyo ni kilo 2,200, basi chumba chetu kimebebeshwa kilo 1,980 zaidi ambazo hazikuwamo katika hesabu ya wajenzi wa kwanza. Ikiondolewa kwa uangalifu, karibu tani mbili zimeshuka kabla hajapanda mtoto hata mmoja. Hapa naona uzuri wa hesabu: fundi asiyepiga hesabu angekimbilia kuongeza vyuma, na mwenye kupiga hesabu huanza kwa kupunguza mzigo.

Boriti nazo zina hesabu yake. Nguvu ya mti wa mviringo hufuata kipenyo chake kilichozidishwa mara tatu kwa chenyewe. Boriti ya sentimita 12 ikiliwa na mchwa pande zote ikabaki sentimita 10, mtu ataona imepungua kidogo tu. Lakini 10 × 10 × 10 ni 1,000, na 12 × 12 × 12 ni 1,728; nguvu iliyobaki haifiki sehemu sita katika kumi. Kinyume chake, boriti ikipata mhimili wa kuitegemeza katikati, nafasi inayoivuka hupungua nusu, na nguvu ya kuipinda hushuka ikawa robo.

Kwa hiyo mhandisi ana njia kadhaa: kubadilisha boriti zilizooza, kuongeza nyingine baina ya zile kuukuu, au kupitisha mhimili wa chuma chini yake. Akichagua mhimili, akumbuke kwamba ncha za mhimili huumiminia ukuta mzigo mkubwa mahali pamoja, na ukuta wa matumbawe haupendi kuchomwa. Chini ya kila ncha hutiwa jiwe pana au kipande cha zege ili mzigo utawanyike. Na kwa kuwa sisi tuko pwani, chuma kilichozama ndani ya ukuta wenye chumvi kiwe kile kisichoshika kutu, kwani kutu huvimba na kuupasua ukuta kutoka ndani.

Mwisho sakafu hujaribiwa. Mifuko ya mchanga yenye uzito uliohesabiwa hupangwa juu yake, na chini hupimwa imeshuka kiasi gani. Mifuko ikiondolewa, sakafu nzima hurudi mahali pake au karibu sana na hapo. Isiporudi, watoto wasipande.

KUTOBOA UKUTA

Watu wengi wakisikia darasa hufikiri chumba kikubwa, na fikira ya kwanza ni kuvunja ukuta ili vyumba viwili viwe kimoja. Yafaa tusimame hapa kidogo. Madarasa ya watoto wenye mahitaji maalumu huwa na watoto wachache, kwani mwalimu hana budi kumfikia kila mmoja. Chumba cha mita 3 kwa 6, ambacho hakiwezi kutuchukua sisi tulio wengi, chaweza kuwatosha watoto wanane na walimu wao. Kumbe wembamba ulioletwa na boriti si lazima uwe kasoro katika skuli ya namna hii. Kila ukuta unaoachwa mahali pake ni hatari iliyoepukwa na fedha zilizobaki mfukoni.

Lakini mara nyingine hapana njia ila kutoboa, mathalani kuupanua mlango. Hapo kazi hufanywa kwa mpango. Kwanza hutobolewa matundu madogo juu ya mahali pa mlango, na mihimili mifupi hupitishwa ndani yake kutoka upande huu hadi upande wa pili, ikategemezwa kwa nguzo. Mzigo wa juu ukishapata pa kukaa, ndipo ukuta wa chini huondolewa, mhimili wa kudumu ukatiwa, na nafasi iliyobaki juu yake ikashindiliwa imara. Zile nguzo haziondolewi siku hiyo. Huachwa mpaka vyote vimeshika, kisha hulegezwa polepole, moja baada ya moja.

Ukuta usiobeba boriti nao usidharauliwe. Kuta fupi zinazokatiza huzishika zile ndefu zisiyumbe, kama mbavu zinavyoshika kifua. Ukiziondoa, ukuta mrefu husimama peke yake, na siku moja hulala. Pale ambapo ukuta umekwisha kufanya tumbo, hufungwa kwa fimbo ndefu ya chuma ipitayo kutoka ukuta hadi ukuta, yenye sahani kubwa kila upande kwa nje, ikakazwa ili kuta mbili zishikane.

MLANGO NA NGAZI

Katika skuli yetu yumo mwenzetu atembeaye kwa magongo. Kila wiki vipindi vyake viwili huwa ghorofani, na sisi humbeba. Hakuna anayeona uzito, wala yeye hakosi kushukuru. Lakini siku moja alituambia kwamba tangu aingie Kidato cha Kwanza hajapata kwenda kule juu kwa sababu amependa kwenda. Huenda tunapokwenda sisi, na huteremka tunapoteremka sisi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizitazama ngazi kwa jicho jingine.

Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, na katika mkataba huo kuyafikia majengo ni haki. Tazama basi nyumba ya kale. Mbele ina baraza. Mlango umepanda juu ya barabara. Kizingiti cha chini ni kirefu. Na mlango wenyewe ni wa nakshi, wenye mbao mbili na mfaa katikati. Akifunguliwa mtu ubao mmoja tu, kama ilivyo desturi, kiti cha magurudumu mara nyingi hakipiti.

Kanuni ijulikanayo kwa mteremko wa kiti cha magurudumu ni kwamba ukipanda sentimita 1 uende mbele sentimita 12. Mlango ulioinuka sentimita 60 wataka mteremko wa mita 7 na sentimita 20. Katika vichochoro vyetu nafasi hiyo haipo. Mara nyingine hupatikana upande wa nyuma, au kwa kuugeuza mteremko ukazunguka ndani ya ukumbi. Ama ule mlango wa nakshi, hauna haja ya kukatwa. Mbao zote mbili ziachwe wazi saa za skuli, na juu ya kizingiti kiwekwe kitelezo cha mbao kiwezacho kuondolewa. Kazi yoyote katika nyumba ya kale ikiweza kufanywa hivyo, yaani ikiweza kuondolewa kesho bila ya kuacha jeraha, ndiyo bora.

Ghorofani ni jambo jingine. Ikiwa dari iko mita 4 juu, mteremko wake ungekuwa mita 48 mbali na mapumziko ya njiani. Haumo katika nyumba. Imebaki lifti. Lifti hutaka shimo lipitalo dari zote, na shimo hilo hukata boriti. Kila boriti iliyokatwa lazima ipate mhimili mpya wa kuulaza mwisho wake. Tena mnara wa lifti usiegemee kuta za kale. Usimame kwa miguu yake na msingi wake, na mahali pazuri ni pembe moja ya ule uwanda wa katikati ya nyumba. Msingi huo uchimbwe kwa vipande vifupi vifupi, kipande kijazwe kabla cha pili hakijafunguliwa; kwani kuuchimbia ukuta wa kale ubavu mzima kwa siku moja ni kuuita uje chini.

Hata hivyo lifti haitumiki wakati wa moto. Kwa sababu hiyo naona shauri la busara ni kwamba watoto wasioweza kutembea wapewe madarasa ya chini, pamoja na maktaba, chumba cha chakula na vyoo, na ghorofa ipewe ofisi na wale wawezao kushuka wenyewe. Na nyumba yote iwe na njia mbili za kutokea, si moja.

MACHO NA MASIKIO

Ulemavu si wa miguu tu. Chumba cha kale chenye dari ndefu na kuta ngumu hurudisha sauti. Mtoto atumiaye kifaa cha masikio husikia maneno ya mwalimu pamoja na mwangwi wake, yakavurugana. Mikeka ukutani, mapazia mazito na mbao laini chini ya dari hunywa mwangwi huo, tena havina uzito mkubwa. Mtoto asiyesikia kabisa ahitaji mwanga usoni kwa mwalimu ili aone mikono na midomo, na ahitaji taa ya kumulika panapotokea hatari, kwa kuwa kengele haimfai.

Mtoto asiyeona ahitaji njia isiyobadilika, yenye alama sakafuni aziguse kwa mguu au kwa fimbo, na ngazi zenye kipimo kimoja. Ngazi za kale, ambazo kila kidato kina urefu wake, ni mtego kwake. Mtoto mwenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wenye ualbino, hufaidika na rangi tofauti kwenye ncha za ngazi na na kivuli kizuri madirishani. Mtoto mwenye usonji mara nyingi huumizwa na kelele, na hapa nyumba ya kale yawashinda wapya: ukuta wa matumbawe wa nusu mita huzuia kelele za mtaani na joto la mchana bila ya mashine yoyote.

MFANO WA PARIS NA MFANO WA KWETU

Skuli ya vipofu iliyoanzishwa na Valentin Haüy huko Paris mwaka 1785 ilihamishiwa baadaye katika jengo kuukuu lililokuwa seminari. Louis Braille aliingia humo mwaka 1819 akiwa na umri wa miaka kumi. Ndani ya jengo hilo alibuni maandishi ya nukta ambayo vipofu wa dunia nzima, pamoja na wa kwetu, huyasoma hadi leo. Lakini jengo lilikuwa na unyevu mwingi na hewa mbaya, na wanafunzi wengi waliugua. Skuli haikupata jengo jipya ila mwaka 1843. Braille mwenyewe alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1852, akiwa na miaka 43. Walipewa jengo lililokuwa tupu. Hapakuulizwa kama lawafaa.

Lakini kazi hii ikifanywa vizuri huwezekana, na ushahidi upo ufukweni Unguja. Zahanati ya Kale, iliyoanzwa mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan, ilikuwa imeachwa mpaka ikachakaa sana. Katika miaka ya 1990 ilitengenezwa na shirika la Aga Khan linaloshughulikia utamaduni, nayo ikapewa kazi mpya. Roshani zake za nakshi zingali zikitazama bahari.

SHAURI LANGU

Nyumba za Mji Mkongwe zina Mamlaka yake iliyoundwa mwaka 1985, na tangu mwaka 2000 mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa hiyo mtu hawezi kuamka asubuhi akavunja, na hiyo ni heri. Mwenye kutaka kufungua skuli ya namna hii aanze kwa kibali, mhandisi, na fundi wa chokaa ajuaye kazi yake. Rangi na madawati vije mwisho. Mafundi wa chokaa sasa ni wachache, nao wengi ni wazee. Vijana tukiona haya kushika mwiko, ujuzi huo utazikwa pamoja nao.

Na kabla ramani haijatiwa muhuri, waitwe watoto wenyewe. Aletwe mwenye kiti cha magurudumu ajaribu kupita. Aletwe asiyeona apande ngazi. Akae asiyesikia nyuma ya darasa aseme kama auona uso wa mwalimu. Mhandisi ataijua nyumba kwa nyundo na kipimo, lakini mambo haya hatayajua mpaka ayaulize.

Wazazi mtakaosoma gazeti hili likija nyumbani likizo, nawaombeni mkipita mbele ya nyumba kubwa iliyofungwa msiache kuuliza lile swali. Ila mkishauliza, ulizeni na la pili: boriti zake zikoje?

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne